Rivyuu: kozi za bure za serikali hapa Marekani, nyota 4 kwa darasa, nyota 2 kwa lile bango la asilimia

Wadau mlioko Marekani, karibu kila wiki naulizwa inbox "dada, eti zile kozi za bure za serikali ni za kweli au tunapigwa?" na nimechoka kuandika jibu lile lile, kwahiyo leo naandika mara moja, ndefu, afu nitakuwa natuma hii hii. Jibu fupi ni za kweli, nendeni. Jibu refu ndo hili, manake kuna lile bango wanalobandika ukutani la asilimia ya watu waliopita kwao wakapata kazi, na mi hilo bango nalijua mbele na nyuma. Nilianza nao kama mwanafunzi 2021, halafu nikaja kufanya nao ukalimani wa Kiswahili kama mwaka na nusu hivi, siku 2 kwa wiki, kazi yenyewe nusu kutafsiri nusu kupiga simu. Kituo sikitaji, ni huku Midwest, na watu wenyewe tunagongana nao Walmart.

Kwa wasiojua kabisa: hizi kozi zinalipiwa kwa sheria inaitwa WIOA, Obama aliisaini Julai 2014. Kabla yake kulikuwa na WIA ya 1998, na kabla ya hapo JTPA ya 1982 enzi za Reagan. Majina yanabadilika, mlango ni ule ule, unaingia American Job Center (kituo cha kazi cha serikali), unapewa kesi meneja (mfanyakazi anayesimamia faili lako), ukikidhi vigezo wanakulipia ada kwenye shule iliyoko kwenye orodha ya jimbo. Hela hushiki mkononi, inaenda shuleni moja kwa moja. Na sisi watu wa Kiswahili tunachukua karibu vile vile siku zote, dada zetu CNA (msaidizi wa nesi), kaka zetu CDL (leseni ya kuendesha malori).

Darasa langu la CNA nalipatia nyota 4 bila kinyongo. Sheria ya serikali kuu inataka saa zisizopungua 75, na 16 katika hizo ziwe za vitendo chini ya usimamizi, sisi tulipata zaidi ya hapo. Mwalimu wetu nesi mstaafu, mama mkali huyo, alitunawisha mikono mpaka ngozi ikaanza kukauka kama samaki wa chumvi, manake kwenye mtihani wa jimbo ukigusa sinki kwa bahati mbaya wakati unasuuza inabidi unawe upya. Kulikuwa na mdoli mkubwa kitandani tukampa jina Babu, Babu tulimgeuza, tulimvalisha shati tukianza na mkono ulio dhaifu, tulimsugua meno. Mkojo wa kwenye chombo (maji yenye rangi ya chai) unauweka mezani afu unachuchumaa mpaka macho yawe sawa na mstari ndo unasoma, ukisoma umesimama umekosea. Vitu vidogo hivyo ndo vilivyonipa kazi, sio cheti peke yake, siku ya usaili kwenye nyumba ya wazee yule bosi aliniangalia nilivyomfunga bibi mmoja mshipi wa kiunoni kabla ya kumnyanyua akasema anza Jumatatu.

Nyota 1 nimeitoa kwa sababu hela ya sare na viatu ilichelewa wiki 2 nikanunua kwa mfuko wangu na haikurudi. Basi, hilo limepita.

Makaratasi: kitambulisho, namba ya sosho (Social Security), kinachoonyesha una ruhusa ya kufanya kazi (green card, kibali, I-94 yani karatasi ya kuingia nchini kwa wakimbizi), na cha kuonyesha kipato. Wanaume nisikilizeni hapa, wengi mnakwama: aliyezaliwa kuanzia 1960 lazima awe sawa na Selective Service (daftari la serikali la wanaume wanaoweza kuitwa jeshini), yani kama ulikuwa humu nchini kabla hujafikisha miaka 26 wanataka kuona ulijiandikisha. Kama uliingia umri umeshapita, beba pasipoti au I-94 yenye tarehe ya kuingia, usiende mikono mitupu ukaanza kubishana na dada wa mapokezi. Na lingine ambalo hawalisemi kwa sauti, namba ya sosho ukigoma kuitoa hawaruhusiwi kukunyima huduma kwa sababu hiyo. Ila shikilia hapo hapo kwenye sosho, tutarudi.

Sasa bango. Siku ya kwanza nimekaa pale kusubiri, nasoma ukutani, asilimia kubwa, wino wa kijani, picha ya mdada kavaa kofia ya ujenzi anacheka. Nikajisemea hapa nimefika. Ilikuwa mwisho wa Mei 2021. Kesi meneja akaangalia makaratasi yangu, yote sawa, akasema vizuri sana, rudi Julai. Kwanini Julai na darasa linaanza Juni? Akazungukazunguka, mara bajeti, mara nafasi. Nikarudi Julai, nikaanza Agosti, wiki kama 10 nimekaa nyumbani bila mshahara nikiamini ni bajeti.

Nilipoanza ukalimani ndo nikaambiwa na mfanyakazi mwenzangu huku anakula sandwichi, kama kitu cha kawaida tu. Mwaka wao wa mahesabu unaanza Julai 1 unaisha Juni 30. Kuna kipimo kimoja kinahesabu maendeleo ya ujuzi, yani kila aliyekuwa masomoni ndani ya mwaka huo anatakiwa awe na hatua iliyopimika, matokeo ya mtihani, ripoti ya shule, kupanda daraja la Kiingereza. Ukianza darasa Juni 10 unaingia kwenye hesabu ya mwaka unaokufa baada ya wiki 3, huna chochote cha kuonyesha, we ni sifuri yao. Ukianza Julai una miezi 12. Kwahiyo Mei na Juni baadhi ya ofisi zinakuwa na uzito wa ajabu kwenye kuandikisha watu. Hakuna aliyevunja sheria. Hakuna aliyedanganya. Mi nilikula ugali na dagaa wiki 10 ili namba ya mtu ikae vizuri.

Na hapo ni kwenye kuingia tu. Mlangoni pale kuna kompyuta 6 za kujihudumia, ukikaa mwenyewe ukatafuta kazi ukachapisha CV ukaondoka, unaandikwa kama mtu aliyefika, lakini hujawa mshiriki, hauko kwenye ile asilimia. Unakuwa mshiriki ukishapata huduma ya mfanyakazi zaidi ya kukuelekeza tu. Ni mpangilio wa haki kwa namna yake, manake huwezi kumlaumu mtu kwa aliyekuja kutumia printa. Ila ukishajua kwamba kuna mstari, unaanza kuona nani anavushwa haraka na nani anaambiwa "jaribu kompyuta kwanza". Mtu aliyekuja na Kiingereza chake safi na uzoefu wa miaka 5 anavushwa siku hiyo hiyo. Mama wa Kikongo aliyetoka kambi ya Nyarugusu, hajui kusoma, anaambiwa kompyuta. Sio roho mbaya jamani, nimekaa nao, wengine walikuwa wanalipia watu nauli kwa hela zao. Ni kwamba kila anayevuka ule mstari anakuwa deni kwenye ripoti.

Hii wala sio habari mpya. Enzi za JTPA ofisi zilikuwa zinapewa bonasi kwa namba nzuri, na watafiti wawili, Pascal Courty na Gerald Marschke, walikaa na data wakaonyesha kwamba tarehe ya kumwandika mtu kuwa amemaliza ilikuwa inachezewa, mwenye kazi anaandikwa upesi, asiye na kazi anaachwa anaelea mpaka wakati mwafaka. Ikaja WIA, na mwaka 2002 ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ikaandika kwamba vipimo vyenyewe vinaweza kuwafanya wafanyakazi wasite kumwandikisha mtu ambaye kazi itamsumbua kupata. James Heckman, yule wa Nobel ya uchumi ya 2000, na wenzake nao walipima wakakuta kwamba matokeo ya muda mfupi ambayo ripoti inayashangilia yana uhusiano mdogo sana na faida ambayo mtu anaipata kweli baadaye. Yani kituo kinaweza kung'aa kwenye karatasi kwa kuchagua watu ambao wangepata kazi hata kama kituo kingefungwa.

WIOA wamejaribu kurekebisha, niseme ukweli. Sasa hivi lengo la kila jimbo linapangwa kwa hesabu inayoangalia aina ya watu unaowahudumia na hali ya uchumi wa pale, ukihudumia wengi wasiojua Kiingereza au waliotoka jela, lengo lako linashushwa kidogo. Wazo zuri. Tatizo kesi meneja aliyekaa mbele yako na mafaili 90 haoni hiyo hesabu, anaona jina lako na mwaka unaoisha Juni.

Tuje kwenye kutoka, hapa ndo nilipochekea na ndo nilipolilia. Kwenye sistimu yao ukikaa siku 90 bila huduma yoyote na hakuna iliyopangwa mbele, umetoka, na tarehe ya kutoka inarudishwa nyuma mpaka siku ya huduma yako ya mwisho. Hakuna mahafali, hakuna barua, wengine wanatoka hawajui kama wametoka. Kuanzia hapo wanahesabu robo za mwaka: je robo ya 2 baada ya kutoka alikuwa na kazi, je robo ya 4 alikuwa na kazi, na mshahara wa katikati (nusu wanapata zaidi yake, nusu chini yake) wa wenye kazi robo ya 2 ni kiasi gani. Pamoja na vyeti, ile ya ujuzi niliyosema, na ya kuhudumia waajiri, vipimo vikuu 6.

Sasa mi ndo nilikuwa napewa orodha ya wanaozungumza Kiswahili nipige. Nikampigia mama mmoja wa Uvira, mstaarabu sana, tukasalimiana mpaka watoto, afu nikaanza kusoma swali kama lilivyoandikwa: mama, baada ya kutoka kwenye programu, je, robo ya pili ulikuwa na kazi?

Kimya. Afu akaniuliza, "Nilitoka wapi?"

Nikasema kwenye programu mama, ile ya kituo cha kazi.

"Miye sijatoka fasi yoyote. Niko hapa hapa nangojea mniite."

Alikuwa anangoja kweli. Alimaliza kozi ya Kiingereza, akaambiwa tutakupigia, ikapita miezi 3, kompyuta ikamtoa, na simu aliyokuwa anaingoja ilipokuja ilikuwa ni yangu ya kumhesabu. Kazi alikuwa hana. Nikaandika hana, nikakaa kidogo, nikaomba kesi meneja amfungulie upya, na alifunguliwa, hilo niwape sifa zao. Lakini ile mara ya kwanza inabaki kwenye ripoti kama sifuri, na kwa macho ya msomaji ni mama aliyefundishwa akashindwa.

Wengine hawapokei kabisa. Namba ngeni ya ofisi, watu wetu wanajua ni matapeli wa bima au ni watu wa foodstamp wanataka kujua kama kipato kimepanda. Unamuuliza mtu unafanya kazi wapi anakujibu kwani we nani kwanza. Na ana haki. Nikaanza kuacha voisimeli kwa lafudhi ya Tanga nikaona wanarudisha simu, meneja akaniuliza unawaambia nini, nikamwambia nawasalimia tu.

Ukweli ni kwamba simu sio njia yao kuu. Njia kuu ni rekodi za mishahara ambazo kila mwajiri anazipeleka serikali ya jimbo kila robo kwa ajili ya bima ya ukosefu wa ajira. Wanachukua namba yako ya sosho wanaigonganisha na hizo rekodi, jina likionekana na hela yoyote zaidi ya sifuri, una kazi. Hata ukihamia jimbo lingine, majimbo yana mfumo wa kubadilishana hizo data. Ni njia safi kuliko simu, haitegemei mtu kupokea wala kudanganya, na nilipoielewa niliipenda. Ndo maana nimewaambia shikilieni kwenye sosho, usipoitoa huonekani, na usipoonekana wala kuleta pei stabu unabaki kwenye hesabu kama asiye na kazi.

Ila rekodi zinaona wanaolipwa kwa W-2, yani walioajiriwa. Wa 1099, yani wanaolipwa kama wakandarasi, hawamo. Aliyejiajiri hayumo.

Kaka yangu alifanya CDL kupitia kituo hicho hicho 2022, na tangu Februari 2022 huwezi kufanya mtihani wa CDL mara ya kwanza bila kupita shule iliyosajiliwa, kwahiyo hela yao ilimsaidia sana, ada sio mchezo. Akapata leseni, akaingia barabarani kwa jamaa mmoja mwenye malori ambaye anamlipa kama mkandarasi, 1099, kama nusu ya madereva wa Kiswahili ninaowajua. Analala Nebraska anaamkia Wyoming. Anatuma hela nyumbani kila mwezi, amemalizia nyumba ya mama, bati la rangi. Kwenye ripoti ya serikali ya Marekani kaka yangu hana kazi.

Na darasani kwangu kulikuwa na mdada, alikuja akiwa tayari anafanya kazi ghala la Amazon usiku, akasoma CNA, mtihani wa vitendo ukamshinda mara 2, akaendelea na ghala lake. Huyo robo ya 2 anahesabiwa ana kazi. Zamani chini ya WIA mtu mzima aliyeingia akiwa tayari na kazi alikuwa anatolewa kwenye kipimo cha kupata kazi, sasa hivi yumo. Hawaulizi kama kazi inahusiana na ulichosomea ili uhesabiwe, wala kama ni siku 1 au siku 90. Ukifanya kazi Jumamosi moja ya robo ile kwenye karamu ya mtu ukalipwa kwa cheki yenye kodi, basi we ni mafanikio. Kile kipimo cha cheti ndo kinamkamata yule mdada, na cha mshahara wa katikati kinasaidia kidogo, ila bango halina mshahara wa katikati. Bango lina namba moja.

Kwahiyo wa Amazon kafaulu, kaka yangu kafeli. Nilimweleza kaka akacheka mpaka akakohoa.

Halafu kuna muda. Chukua mimi: huduma yangu ya mwisho ilikuwa Novemba 2021. Robo yangu ya 2 ikawa Aprili mpaka Juni 2022, robo ya 4 Oktoba mpaka Desemba 2022. Ripoti ya mwaka wao ulioisha Juni 2023 inaonyesha ajira ya robo ya 2 kwa waliotoka kati ya Julai 2021 na Juni 2022, na ya robo ya 4 kwa waliotoka mwaka wa kalenda 2021. Ripoti inatoka vuli ya 2023. We unaingia pale unasoma bango unaona kama habari za leo, kumbe unasoma habari zangu mimi, na mwalimu wangu ameshastaafu mara ya pili, na yule kesi meneja mzuri amehamia Arizona. Na kuna wale maskini waliotoka Novemba 2019, robo yao ya 2 ikaangukia Aprili mpaka Juni 2020, wakati mahoteli yote yamefungwa. Mwalimu mzuri, darasa zuri, matokeo kama wamefundishwa na mbuzi.

Cha waajiri nacho kina vituko. Tangu kanuni ya Februari 2024 kipimo cha kuhudumia waajiri ni kama mtu yuko kwa mwajiri yule yule robo ya 2 na robo ya 4. CNA gani anakaa kwa mwajiri yule yule? Sisi mtu akisikia nyumba ya wazee ya ng'ambo ya mto wanaongeza dola 2 kwa saa na ovataimu ya wikendi anahama Ijumaa. Kwangu mi huko ndo kufanikiwa, kwao ni alama imepotea. Naelewa mwajiri anataka mtu atulie, lakini sio mimi niliyekuja kumtafutia mwajiri utulivu.

Orodha ya shule nimeiacha mwisho kwa sababu inaniudhi. Kila jimbo lina orodha ya shule zilizopitishwa, na sheria inataka shule ziripoti matokeo ya wanafunzi wao wote, sio wale wa WIOA tu. Wazo lenyewe ni tamu, ungeweza kulinganisha shule 3 za CNA kabla hujachagua. Nilivyokaa na wateja kuifungua, safu nyingi tupu. Shule ndogo ina mwalimu 2 na katibu 1, itakusanya sosho za wanafunzi wote waliojilipia wenyewe izipeleke wapi na kwa nini? Na darasa likiwa la watu wachache matokeo yanafichwa ili mtu asitambulike, ni sawa, lakini unabaki unachagua shule kwa kuuliza waliopita, kama tulivyokuwa tunachagua fundi cherehani kule Kariakoo.

Mniulize basi kama ningeenda tena. Ningeenda kesho. Lakini ningeingia kati ya Julai na Septemba, au kama ni Mei ningemwambia kesi meneja kwa upole kwamba najua kuhusu Juni 30 na niko tayari kuleta matokeo ya mtihani wa kwanza haraka, mara nyingi wakijua unajua wanatafuta njia. Ningeuliza hiyo asilimia ni nje ya watu wangapi, na ni wa mwaka gani, na wangapi kati yao walisoma hii kozi yangu na sio wote wa jengo zima. Mara ya kwanza nilivyomuuliza meneja "nje ya wangapi" aliniangalia kama nimemuuliza umri wake, ila alinijibu, namba zipo. Ningeuliza mshahara wa katikati. Ningeuliza wangapi walipata cheti. Na ningewaambia wazi kama nina mpango wa kulipwa 1099, manake kuna fomu ya mtu aliyejiajiri, unaandika kipato chako unasaini, inakubalika kama data ya nyongeza pale rekodi za mishahara zinapokosa jina lako.

Na wakikupigia, pokeeni jamani. Mpigaji anaweza kuwa mtu wenu.

Hiyo fomu yenyewe nilimletea kaka. Vuli ya 2023 nilipewa orodha yangu ya kupiga, naangalia jina la 4 ni lake. Siruhusiwi kumpigia ndugu, nikamrudishia mwenzangu, yule wa sandwichi, ampigie yeye. Jumapili ile kaka kapitisha lori, kaliegesha nyuma ya Walmart, kaja kwangu kula. Pilau ipo mezani, kachumbari ipo, simu yake ikaita, namba ya kituo, naijua kwa kichwa, yule mwenzangu siku hiyo alikuwa anafidia saa zake. Kaka akaiangalia, akaigeuza kifudifudi juu ya meza.

"Matapeli hawa," akasema, "tangu Ijumaa wananipigia."

Nikamwambia ni nani. Akasema aa, waambie nipo, si unaniona? Nikamwekea fomu pembeni ya sahani, akasema akimaliza kula. Akamaliza, akalala kwenye kochi, saa 11 jioni akaamka mbio manake mzigo ulitakiwa Omaha asubuhi. Fomu ipo juu ya friji yangu mpaka leo, ina doa la kachumbari, haijasainiwa.